Msuko wa Bibi Sabuni

Mwaka 1972, nikiwa na miaka kumi na tisa, ndipo shida iliponijua kwa jina. Kabla ya hapo nilikuwa na mume, mbuzi watano na shamba la maharage Burundi, upande wa pili wa mpaka. Baada ya wiki mbili za kukimbia mauaji nilikuwa na kanga moja na miguu iliyovimba. Mume tulipotezana njiani. Habari yake siiandiki hapa, maana hii si habari yake. Hii ni habari ya mwanamke mmoja wa Ujiji, watu wote walimwita Bibi Sabuni. Mimi nilimwita Bibi kwa miezi kumi na sita, kisha kwa miaka ishirini na miwili sikumwita kitu chochote.

Nasema mapema, mimi sikusoma. Niliishia darasa la pili, na kuandika vizuri nilijifunza ukubwani kwa kuandika majina kwenye maboksi ya sabuni. Kwa hiyo anayetafuta maneno matamu akatafute kwingine. Watu wa Ujiji wakimkumbuka Bibi leo wanatabasamu, wanasema alikuwa mcheshi, alikuwa mkarimu, Mungu amrehemu. Hao walinunua sabuni wakaenda zao. Hawakulala kwake.

Alikuwa mfupi na mpana, lakini mikono yake ilikuwa mirefu na myembamba, kama ameiazima kwa mtu mwingine. Alipika sabuni ya mawese uani kwake, akaiviringisha kwa viganja ikawa madonge ya duara, makubwa kama chungwa. Meza yake sokoni aliiweka karibu na wauza dagaa, mahali ambapo wengine walipakimbia kwa harufu. Alisema mtu akishanunua dagaa lazima atanusa vidole vyake, na akiinua uso, amwone yeye.

Naye alikuwa wa kuonekana. Alichukua madonge matatu akayarusha hewani, moja likipanda, moja likishuka, moja likiwa mkononi, kulia kushoto, kulia kushoto, huku mdomo wake haufungi.

"Sabuni ya mawese! Haimwogopi mvuvi! We baba, shati lako linaniita tangu kule bandarini, mimi naona haya kuliitikia! Na wewe mama, mumeo akirudi leo atauliza mke wake yuko wapi, atakavyokukuta umetakata!"

Watu wakishajaa ndipo alipofanya ule wenyewe. Mikono ilipishana mbele ya kifua, wa kulia juu ya wa kushoto, ikaachana, ikapishana tena, safari hii wa kushoto ukiwa juu. Madonge yakawa yanafuata mikono upande huu na upande ule, yakipitana katikati kama mafungu matatu ya nywele yanayosukwa na mtu usiyemwona. Aliuita msuko. Ujiji nzima hakuwepo mwingine aliyeuweza. Vijana wapakizi walijaribu kwa machungwa mabichi, wakaishia kula machungwa yaliyopondeka.

Alijifunza wapi? Nilimsikia akijibu swali hilo mara tatu. Kwa mwenyekiti wa soko alisema alifundishwa na mpishi wa meli. Kwa shekhe alisema aliota. Mimi nilipomuuliza alisema, "Nilikuwa na njaa na mawe matatu." Siku nyingi niliamini jibu langu ndilo la kweli kwa sababu nilipewa mimi. Sasa nadhani kila mtu alipewa jibu la kumfanya asiulize tena.

Siku niliyokutana naye nilikuwa nimesimama nyuma ya watu, sijala tangu jana yake. Donge moja lilimponyoka likaja mpaka miguuni kwangu. Nililiokota, nikampelekea kama nilivyolelewa. Kwetu, ukimpa mkubwa kitu unakitoa kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto unashika kiwiko cha kulia, aone kwamba mkono wa pili haukufichwa na moyo wote umekuja. Waha, wenyeji wa Kigoma, nao hutoa hivyo, lakini mimi siku ile nilizidisha, nikapiga na magoti.

Bibi akalipokea donge. Akainama kama anayelikagua, akaniambia chini chini:

"Ukitoa vitu namna hiyo hapa sokoni, hata kipofu atajua ulivuka lini. Umekula?"

"Hapana, Bibi."

"Kaa chini ya meza. Usiongee."

Hivyo ndivyo alivyoniokoa. Hilo nalisema wazi, maana sitaki mtu aseme mzee huyu ana uchungu mpaka anaficha wema wa watu. Alinipa chumba cha mapipa, akanipa nguo, akanipa ugali na samaki wa mgebuka kila siku, wala hakuniuliza nani alikufa. Mkono uleule ulionipa mgebuka ulinipiga kofi kwa kuacha sabuni ishike chini ya pipa. Ombaomba wa msikitini aliwapa madonge mazima mazima, na jirani yake aliyemwaga majivu yetu bila kukusudia hakumsalimia mwaka mzima. Alisali swala tano. Alidanganya wateja kati ya swala na swala. Ukimwambia, anasema, "Mungu ananijua, wewe ndiyo mgeni."

Kazi ilikuwa hii. Asubuhi tunachuja maji kwenye majivu ya maganda ya ndizi, mpaka yatoke makali ya kuunguza ulimi. Tunachemsha mawese, tunatia yale maji, tunakoroga mpaka mkono unakufa. Ikipoa tunaviringisha. Mchana tunauza. Baada ya alasiri, uani, akanifundisha kurusha.

Tulianza na vifuko, si sabuni, maana donge likianguka linabonyea halinunuliki. Alishona vifuko vitatu kwa kipande cha kanga nyekundu, akavijaza maharage. Siku ya tatu tuliyala yale maharage, akajaza mchanga wa ziwani. Nilirusha kimoja wiki nzima, kutoka kulia kwenda kushoto na kurudi, kipite usawa wa macho. Kisha viwili. Kisha akanisimamisha mbele ya ukuta, pua inakaribia kugusa udongo, maana kila nikirusha vilikwenda mbele na mimi navifuata kama kuku.

"Kiwiko chini!" Neno hilo nililisikia mara nyingi kuliko jina langu. "Kiwiko chini! Unaruka au unarusha?"

Kosa langu halikuwa kiwiko. Kosa langu lilikuwa mkono wa kushoto. Ulipokea vizuri, lakini ukishapokea haukurusha. Ulikipeleka kifuko kwa mkono wa kulia, taratibu, kama unamkabidhi mkwe. Na pale kifuko cha tatu kilipoanza kushuka, mkono wa kushoto badala ya kukitafuta ulikimbilia kushika kiwiko cha kulia. Peke yake! Mimi sikuutuma. Miaka kumi na tisa ya kumpa baba maji, kumpa mama chumvi, kumpa mume pombe, yote ilikuwa imekaa kwenye mkono ule. Vifuko vikaanguka vyote vitatu, na mimi nimesimama pale nimeshika kiwiko changu mbele ya ukuta, kama naupa ukuta zawadi.

Bibi alicheka mpaka akakaa chini.

"Mkono wako una adabu mno," akasema. "Utakufa njaa nao."

Sasa mtu atadhani Bibi hakuwa na habari na mambo ya kulia na kushoto. Alikuwa nayo kuliko mimi. Siku moja nilimpa kisahani cha chumvi kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa na mafuta. Alikipiga kisahani kikaruka. Saa moja baadaye, uani, akanipiga mkono uleule wa kushoto kwa sababu umekataa kurusha. Nikakasirika, nikamwambia, "Bibi, chagua moja! Mkono huu ni mbaya au ni mzuri?"

Nilitegemea kofi. Akasema, "Kwenye chumvi una haki ya kukaa nyuma. Kwenye kurusha hakuna mkubwa. Jua uko wapi."

Kesho yake alichukua kanga akanifunga mkono wa kulia nyuma ya mgongo. Siku saba. Nilikoroga kwa kushoto, nilifagia kwa kushoto, nilichota maji kwa kushoto. Chumvi pia nilimpa kwa kushoto, naye akaipokea huku amefumba macho, midomo inacheza, nadhani anaomba msamaha kwa niaba yetu sote. Kula tu ndiko alikonifungulia mkono. Siku ya nane aliponiondolea kanga, nikarusha vitatu mpaka mara ishirini na tano bila kuangusha. Nililia. Akasema, "Lia baadaye, mawese yanachemka."

Miezi minne ilikuwa imepita hapo. Ndipo alipokuja bwana wa ofisi na daftari, anazunguka soko akiwaandika waliovuka, wapakiwe kwenye malori wapelekwe makazi ya mbali, kwenye misitu. Wapo waliokwenda wakalima wakafanikiwa, siwadharau. Lakini mimi nilikuwa nimemwambia mume wangu, kama tukipotezana tukutane ziwani. Nilitaka kukaa ziwani. Sikutaka kitu kingine duniani.

Bwana yule akasimama mezani kwetu. "Bibi, huyu nani?"

"Mjukuu wangu, wa Mwandiga."

"Mbona haongei?"

"Ananikorogea sabuni, hakuja kuhutubia. Ukimchukua, koti vua, uje ukoroge wewe."

Bwana akacheka, akanunua madonge mawili, akaenda zake. Tangu siku hiyo Bibi akaniita Mwandiga. "Mwandiga, leta majivu. Mwandiga, kiwiko chini." Mimi kijiji hicho cha Mwandiga sikuwahi kukikanyaga.

Jioni hiyo akaniambia jambo ambalo ndilo kiini cha habari hii. Alisema, "Siku utakapopiga msuko sokoni, mbele ya watu, kwa sabuni si kwa vifuko, na usiangushe mpaka nimemaliza kumhudumia mteja mmoja, nitakupeleka kwa mwenyekiti wa soko. Nitasema wewe ni mjukuu wangu na meza ni yetu wawili. Ataandika. Ukishaandikwa hapo, hakuna daftari lingine litakalokuuliza."

Sikumwuliza kwa nini ananipa sharti la mchezo kwa jambo la uhai. Nilikuwa nimeona. Kidole gumba cha mkono wake wa kulia kilikuwa kinakufa ganzi. Asubuhi alikisugua kwa mafuta ya moto. Madonge yalikuwa yanamponyoka mara mbili, mara tatu kwa siku, akijifanya ameyatupa kuchekesha watoto. Alihitaji mikono. Mimi nilihitaji jina. Nikaona ni biashara ya haki.

Msuko ulinichukua miezi kumi na miwili. Ulinionyesha kwamba nilikuwa sijui chochote. Kupishanisha mikono si kazi, kazi ni kurusha ikiwa imepishana. Mkono wa chini ndio unaorusha, na unarusha kuelekea upande ambao mwili hauupendi, kisha unachomoka chini ya mwenzake na kupita juu yake kabla kifuko hakijashuka. Ukichelewa, mikono inafungana kama umekamatwa na askari. Ukiwahi, unadaka hewa. Na jicho! Jicho linataka kutazama mikono. Bibi akaninyoosha kidevu kwa mwiko wa sabuni: "Juu! Mikono ni yako, haitakimbia. Tazama kinachoondoka."

Nilirusha kifuko kimoja peke yake huku napishanisha mikono, mpaka nikaota. Kisha viwili. Cha tatu kilipoingia, mikono yote ikasahau. Nikaanza upya. Nilirusha juu ya mkeka wa kuanikia sabuni ili nisipoteze muda kuviokota mbali. Mwezi wa saba vikasukana mara moja, mzunguko mmoja, nikashtuka vikaanguka. Bibi alikuwa anaosha sufuria. Hakugeuka. Akasema tu, "Nimesikia." Alikuwa amesikia mdundo. Msuko una mdundo uleule wa kurusha kwa kawaida, kulia kushoto kulia kushoto, na ukiufikia hata asiyetazama anajua.

Siku ya soko nilisimama mbele ya meza na madonge matatu makavu. Mteja alikuwa mama mmoja wa Gungu aliyetaka madonge sita na kila moja anusishwe kwanza. Nikaanza. Kawaida, kawaida, kawaida, kisha mikono ikapishana. Watu wakasogea. Mzee aliyeuza dagaa meza ya pili, mtu wa kelele, akasimama juu ya ndoo yake.

"Jamani! Njooni muone! Mjukuu wa Bibi anasuka sabuni!"

Mama wa Gungu akamaliza kunusa, akalipa, akaondoka. Bibi akasema, "Basi, Mwandiga."

Sikuacha.

Nilisikia vizuri. Sitadanganya. Nilisikia "basi" na nikaendelea mizunguko mitatu zaidi, kwa sababu watu walikuwa wananitazama mimi, si mkimbizi, si maskini, mimi. Mzee wa dagaa akapaza sauti, "Bibi Sabuni, pole! Mjukuu amekupita! Leo umesukwa wewe!" Soko likacheka. Na mimi nikacheka. Nikayadaka madonge moja moja, nikamtazama Bibi. Alikuwa ameficha mkono wa kulia ndani ya kanga.

Tulipofika nyumbani nikamwuliza, "Tunakwenda lini kwa mwenyekiti?"

"Kesho."

Kesho akasema kesho. Keshokutwa akasema mwenyekiti ana mgeni. Siku ya nne, mchana, bwana wa ofisi akaja tena na daftari.

"Bibi, huyu nimesahau. Ni nani vile?"

Bibi alikuwa anapanga madonge. Akapanga moja, akapanga la pili. Akasema, "Muulize mwenyewe. Ana mdomo."

Basi. Hilo ndilo alilosema. Hakusema huyu ni Mrundi, hakusema mchukueni. Watu wengine wakisikia habari hii wananiambia, mzee, mbona hakukusaliti? Mimi nawauliza, ulikuwa umesimama wewe pale?

"Kwenu wapi?"

"Mwandiga."

"Mwandiga kwa nani? Jirani yenu anaitwa nani?"

Nikamtazama Bibi. Alikuwa anapanga la tatu.

Bwana akaandika. Lori ni Jumatatu, akasema, ujiandae, hakuna atakayekudhuru. Alikuwa mtu wa adabu. Alipoondoka nilimwambia Bibi, "Nimekukosea nini?" Akanijibu, "Nilisema basi."

Mizunguko mitatu! Miezi kumi na sita ya kukoroga, na mtu anakuuza kwa mizunguko mitatu.

Jumapili asubuhi nilichukua nguo zangu na vile vifuko vitatu vya mchanga. Vifuko niliviiba, ndiyo. Nilipanda mtumbwi wa wavuvi kwenda Mwamgongo, kaskazini, ambako hakuna barabara ya kuleta lori. Baada ya wiki nikapata habari kwamba meza amepewa mke wa mpwa wake, mwanamke ambaye hata ukimrushia mtoto wake mwenyewe asingemdaka.

Mwamgongo nilianza na sufuria ya kuazima. Majivu yapo, mawese yapo, ziwa lipo. Nilipika, nikaviringisha, nikapiga msuko kwenye kila mwalo ambako mtumbwi ulitia pua. Wavuvi wakaniita Mama Msuko. Nikapata pipa, nikapata mapipa, nikapata watu wa kunikorogea, nao sikuwapiga kofi. Mume hakuja ziwani. Nilimngoja miaka sita, kisha nikaacha. Watu wanasema nimejijenga mwenyewe, na mimi nasema hivyohivyo, kifua mbele. Lakini namna ya kuchuja majivu niliijua uani kwa Bibi. Sentensi hiyo siipendi. Nimeiandika kwa sababu ni kweli.

Mwaka 1996 ufukwe ulijaa watu tena, wanaovuka kutoka huku na huku, na kina mama wenye kanga moja na miguu iliyovimba. Nilikuwa nimeteremka Kigoma kununua magadi ya kiwandani. Mtu akaniambia Bibi Sabuni bado yuko hai, ila upande mmoja wa mwili umekufa. Nikasema na mimi nife kama nitakwenda. Asubuhi nikaenda. Nilibeba boksi la sabuni lenye jina langu, nikavaa kitenge kipya. Sikwenda kumjulia hali. Nilikwenda anione.

Alikuwa amekaa barazani kwenye mkeka, ameegemea ukuta, mkono wa kulia umefungwa kifuani kwa kanga. Mke wa mpwa alikuwa anachambua mchele, na majirani watatu wamekuja kumwangalia.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba." Hakunijua.

Nikamkabidhi boksi. Na ule mkono wangu mpumbavu, baada ya miaka yote hiyo, mimi mwenye mapipa na mtumbwi wa injini, ukakimbilia kiwiko. Bibi akautazama. Mdomo wake ulikuwa umepinda, lakini macho yalikuwa yaleyale.

"Mwandiga," akasema. "Bado una adabu."

Hakusoma jina kwenye boksi. Hakujua kusoma. Sikuwa nimelifikiria hilo njia nzima.

"Unapiga bado?"

"Kidogo."

"Piga nione."

"Sipigi, Bibi."

Akapapasa mkeka, upande wake wa kulia. "Basi kaa hapa. Mkono wangu huu umekufa. Niazime wako."

Nilikuwa na vile vifuko ndani ya mkoba. Ninavyo siku zote. Nikakaa kuumeni kwake, bega kwa bega, nikampa kimoja, nikabaki na viwili. Yeye mkono wa kushoto, mimi wa kulia. Nikarusha cha kwanza. Akakidaka, lakini kabla hakijamfikia alikuwa amekwisha kurusha chake. Kulia kushoto, kulia kushoto. Mkono wake ulikuwa hauna kosa. Hatukuhesabu, hatukutazamana. Vifuko vilikwenda kati yetu kama watu wawili tumekuwa na kifua kimoja tangu zamani, na mimi, Mungu anisamehe, nilisahau kila kitu. Nilisahau lori. Nilinusa mawese kwenye nguo zake.

Jirani mmoja akapiga makofi. "Bibi! Huyu ni nani wako?"

Hapo ndipo nilipotambua nilichokuja kukitafuta. Si kuonekana. Nilikuja kusikia jibu hilo. Mwenyekiti wa soko alishakufa, daftari lilishaliwa na mchwa, karatasi zangu za uraia nilikuwa nazishughulikia mwenyewe, neno lake lisingenisaidia kitu mahali popote duniani. Nililitaka tu. Nikaendelea kurusha, polepole, nimngoje.

Bibi akasema, bila kuacha kurusha, "Huyu? Mkimbizi mmoja. Nilimfundisha mimi."

Nikafunga kiganja. Kimoja kikabaki ndani yake, kingine kikaanguka mapajani mwangu. Cha tatu kilikuwa kwake, ameshakirusha, kikapita mbele ya uso wangu kikaangukia mchele wa mke wa mpwa.

Nikasimama. Nikakiokota kile cha kwenye mchele, nikakipangusa. Bibi akanyoosha mkono wake wa kushoto kuniaga, maana hakuwa na mwingine. Nikamwekea kifuko kile kiganjani. Kwa mkono wangu wa kushoto. Wa kulia niliuacha unaning'inia, haukushika kiwiko. Majirani waliona. Mmoja akaguna. Katika baraza lile, kwa mwanamke wa umri ule, ilikuwa sawasawa na kumtemea mate.

Bibi akakifumbata. Nilitegemea matusi, na nilikuwa na ya kwangu tayari. Akanitazama bega mpaka vidole, kama anavyokagua sabuni.

"Kiwiko chini," akasema.

Nikaondoka. Alikufa mwaka uleule, wakati wa mvua za vuli. Habari ilinifikia Mwamgongo baada ya siku tisa, matanga yameshaanuliwa. Kile kifuko sijui alizikwa nacho, sijui mke wa mpwa alikifagia.

Leo nina nyumba ya matofali Buzebazeba, vyumba sita, bati jipya. Nina banda la sabuni Mwamgongo na mapipa kumi na manne. Nina mitumbwi miwili, mmoja wa injini. Nina michikichi arobaini. Nina karatasi ya uraia, ndani ya kopo la biskuti. Nina mikono miwili mizima. Nina vifuko viwili vya mchanga vya kanga nyekundu, iliyopauka. Msuko unataka vitatu. Kitambaa kipo, sindano ipo, mchanga umejaa ufukwe mzima. Cha tatu sijashona.